Jifunze Kuonja Kahawa Yako

Ndugu mkulima, wewe unaijua kahawa kwa macho na kwa mikono. Unautambua mti wenye njaa ya mbolea. Unalitambua tunda lililoiva na lile lililopigwa na chule buni. Ukiishika punje kavu waweza kusema kama imekauka sawasawa au bado ina maji. Lakini ukiulizwa kahawa yako ina ladha gani, huenda ukacheka. Wakulima wengi huvuna kahawa mwaka baada ya mwaka, na nyumbani wanakunywa chai.

Jambo hili si la kucheka sana, kwa sababu yule anayeinunua huionja kwanza. Kabla ya siku ya mnada wa Nairobi wanunuzi hupewa sampuli za kahawa itakayouzwa. Huzikaanga, huzisaga, huzipanga mezani katika vikombe, kisha huzionja kikombe baada ya kikombe. Basi bei yako huamuliwa kwa sehemu kubwa na ulimi wa mtu ambaye hujapata kumwona, naye anajua juu ya kahawa yako jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui. Halafu malipo yakija madogo, mkutano wa chama cha ushirika hujaa ugomvi. Huyu anamlaumu meneja wa kiwanda, huyu anawalaumu madalali, yule anasema ni mvua. Pengine mmoja wao ana haki. Lakini katika mkutano huo hakuna hata mmoja aliyeionja.

Katika somo hili tutaeleza jinsi mtu asiyepata kuonja kahawa maishani mwake anavyoweza kukaa mezani mbele ya vikombe vinne au vitano na kusema bila hofu: hiki ni kizuri, hiki kina kasoro, na kasoro yenyewe ni hii. Usifikiri kwamba yahitaji ulimi wa ajabu. Mama anayeonja maziwa asubuhi na kujua kwamba ng'ombe amekula majani yenye harufu kali, huyo tayari ni mwonjaji. Kilichobaki ni utaratibu.

ULIMI NA PUA

Ulimi peke yake unajua mambo machache: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha huja kwa njia ya pua. Ukitaka kuhakikisha, changanya sukari kidogo na mdalasini uliosagwa. Ziba pua kwa vidole, tia mchanganyiko huo mdomoni. Utasikia sukari tu. Sasa achia pua, na mara moja mdalasini utatokea kana kwamba umetiwa wakati ule. Kwa sababu hii mtu mwenye mafua asikae kwenye meza ya kuonja siku hiyo, hata awe fundi namna gani.

Kuna maneno manne ambayo wapya huyachanganya, na yafaa tuyatenganishe sasa. Uchachu ni ule wa ndimu au chungwa. Katika kahawa uchachu safi ni sifa njema, na kahawa ya Kenya inajulikana ulimwenguni kwa sifa hiyo. Uchungu ni ule wa mwarobaini. Kahawa yote ina uchungu kidogo, lakini ukizidi ni kosa, na mara nyingi kosa hilo ni la aliyekaanga kuliko la mkulima. Ukakasi ni kitu kingine kabisa: ni ule unaoukausha ulimi na kuukwaruza, kama ulipouma ndizi mbichi. Ukakasi haupendwi. La mwisho ni uzito, yaani jinsi kahawa inavyojaa mdomoni. Maji ni mepesi, maziwa ni mazito kuliko maji, na kahawa ziko mahali mbalimbali katikati ya hayo mawili.

Ukiwa na maneno hayo manne na pua iliyo wazi, una vyombo vya kutosha kuanzia. Wanunuzi wa ng'ambo hupenda kusema kwamba kahawa yetu ina ladha ya tunda fulani jeusi la Ulaya, ambalo wengi wetu hatujapata kulionja. Usijisumbue kulitafuta. Wewe sema zambarau, au ndimu, au karanga, au majani ya chai, au chochote unachokijua kweli. Neno la mbali ulilolisikia kwa mtu mwingine halina msaada mezani.

KWA NINI VIKOMBE VIFICHWE MAJINA

Njia hii ya kuonja vitu vingi kwa pamoja haitumiki kwa kahawa peke yake. Walimaji wa mizabibu huko Ulaya huonja divai zao vivyo hivyo, na kwao yametokea mambo mawili ambayo kila mwonjaji mpya yafaa ayajue.

La kwanza lilitokea mjini Paris tarehe 24 Mei 1976. Mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Steven Spurrier aliwaita waonjaji wakuu wa Ufaransa, akawawekea divai za Ufaransa zenye sifa kubwa pamoja na divai za California, Marekani, ambazo siku zile hazikuhesabiwa kuwa kitu mbele ya zile za Ufaransa. Majina ya chupa yalifichwa. Alama zilipojumlishwa, divai nyeupe ya kwanza ilikuwa ya Chateau Montelena, na nyekundu ya kwanza ilikuwa ya Stag's Leap. Zote mbili ni za California, za mavuno ya mwaka 1973. Majina yangeonekana, ni vigumu kuamini kwamba mambo yangekwenda hivyo.

La pili ni la Bordeaux, na habari zake zilichapishwa mwaka 2001. Watafiti walitia rangi nyekundu isiyo na ladha katika divai nyeupe, wakawapa wanafunzi 54 wa elimu ya divai waieleze. Wanafunzi wale wakaieleza kwa maneno yanayotumiwa kwa divai nyekundu. Nao si watu wasiojua kitu. Macho yao ndiyo yaliyouongoza ulimi.

Sasa fikiri habari za kwetu. Ukiambiwa kwamba kikombe hiki ni cha shamba lako na kile ni cha jirani mliyegombana naye juu ya mpaka, je, utaonja kahawa au utaonja ugomvi? Basi majina yafichwe. Mtu mmoja asiyeonja siku hiyo aandike namba ndogo chini ya kila kikombe, aandike katika karatasi yake namba ipi ni ya kahawa ipi, aikunje karatasi na kuitia mfukoni. Isifunuliwe mpaka kila mtu amekwisha kusema.

KUTAYARISHA KAHAWA

Chukua kahawa kavu yenye ganda lake gumu, uipige polepole katika kinu mpaka ganda litoke, kisha uipepete. Gramu 150 za kila namna zatosha kabisa. Chagua na utupe mawe na vijiti, lakini usichague punje mbaya. Ukizitoa punje mbaya utakuwa unajidanganya, maana zitakwenda sokoni.

Kaanga katika kikaango kizito kilichooshwa vizuri, kisicho na harufu ya mafuta wala kitunguu. Moto uwe wa wastani, na mwiko usitulie. Punje zitageuka kutoka kijani kuwa manjano, kisha kahawia, na baada ya dakika kadhaa utasikia mlio kama wa bisi. Mlio huo ukienea, hesabu kama nusu dakika hadi dakika moja, kisha uondoe kahawa motoni. Imwage juu ya ungo na kuipepeta mpaka ipoe. Ukiendelea kukaanga mpaka kahawa iwe nyeusi na kung'aa mafuta, kahawa zote zitakuwa na ladha moja, yaani ya kuungua, na kazi yako itakuwa bure. Kumbuka pia kwamba kahawa zote zitakazoonjwa pamoja ni lazima ziwe na rangi moja baada ya kukaangwa. Kama moja imepita, irudie.

Ikiisha kupoa, itazame. Katika kahawa nyingi utaona punje chache zilizokataa kugeuka rangi, zimebaki manjano hafifu katikati ya wenzake. Hizo ni punje za matunda yaliyochumwa kabla hayajaiva. Kabla ya kukaangwa ni vigumu kuzitambua, lakini moto huzifichua. Fanya jambo hili mara moja tu katika maisha yako: zichague punje hizo peke yake, zisage, zitie maji ya moto, uonje. Utakuta kitu kama karanga mbichi na karatasi iliyolowa, kikavu, chenye ukakasi. Baada ya hapo, mtu akikwambia kwamba tunda la kijani moja au mawili katika debe hayana neno, utamjibu mwenyewe.

Kahawa iliyokaangwa ilale usiku mmoja katika chombo kilichofunikwa. Kesho yake isage au uitwange isiwe laini kama unga wa ngano wala isiwe mabonge. Kabla ya kusaga kila namna, saga kwanza kiasi kidogo cha namna hiyo hiyo na kukitupa, ili mabaki ya ile iliyotangulia yatoke katika kinu.

MEZANI

Kwa mara ya kwanza usipange zaidi ya kahawa nne. Ulimi huchoka kama mguu, na mtu mpya akipita vikombe sita huanza kubahatisha. Afadhali kahawa tatu, na kila moja katika vikombe vitatu. Kwa njia hii utaona pia kama vikombe vya kahawa moja vinafanana. Punje moja iliyooza inaweza kuharibu kikombe kimoja na kuwaacha wenzake salama, na mnunuzi akikutana na kikombe hicho hulitilia shaka fungu zima.

Vikombe viwe vya ukubwa mmoja. Wenye mizani hupima gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji. Kama huna mizani, vijiko viwili vya mezani vilivyosawazishwa kwa kikombe cha mililita 200 vinakaribia kipimo hicho. Kipimo kisipokuwa sawasawa kabisa si hatari, mradi vikombe vyote vipate kiasi kile kile. Nusa kwanza unga mkavu. Halafu mimina maji. Wataalamu hutaka maji ya joto la nyuzi 93 hivi. Mkulima anayekaa kwenye mwinuko wa futi 6,500 hana haja ya kipimajoto, maana huko juu maji huchemka karibu na nyuzi hizo hizo. Yamimine mara tu yanapochemka. Aliye chini zaidi na angoje kidogo baada ya kuepua.

Unga utapanda juu na kufanya tabaka. Usiuguse kwa dakika nne. Zikiisha, inama mpaka pua ikaribie kikombe, sukuma tabaka hilo kwa kijiko mara tatu, na unuse papo hapo. Hii ndiyo nafasi bora ya pua katika kazi yote, na haiji mara mbili, basi usiwe unazungumza na mwenzako. Ondoa povu linalobaki juu, osha kijiko kwa maji safi, endelea na kikombe kinachofuata.

Ngoja mpaka zipite dakika kama kumi tangu ulipomimina maji. Kisha chota kijiko kimoja na ukivute mdomoni kwa nguvu pamoja na hewa, kwa kelele. Ndiyo, kwa kelele, kama mtoto anayekatazwa na mama yake anapokunywa uji. Hewa ile ndiyo inayopeleka harufu puani kutoka ndani ya kinywa. Izungushe ulimini, kisha iteme ndani ya kopo. Wengine huona haya kutema mbele za wazee, lakini hapa si kukosa adabu. Waonjaji wa divai hutema ili wasilewe, na sisi hutema ili moyo usipige mbio na usiku usipite bila usingizi. Osha kijiko kila mara.

Zunguka meza mara tatu: kahawa ikiwa moto, ikiwa vuguvugu, na ikiwa imepoa. Mzunguko wa tatu ndio wenye habari nyingi. Joto huficha mambo. Kahawa nzuri ikipoa huzidi kuwa tamu, na kahawa yenye kasoro ikipoa huanza kusema ukweli.

Saa moja kabla ya kuonja usivute sigara, usinuse tumbaku, usitafune miraa, usile kitunguu. Wala usijipake manukato, kwa maana utawaharibia na wenzako. Meza iwe mbali na moshi wa jikoni.

NANI ASEME KWANZA

Hapa ndipo mambo huharibika. Mwenyekiti anaonja, anatikisa kichwa, anasema kikombe cha pili ni kibovu. Mara wote wanaona kibovu. Katika mila zetu si jambo jema kumpinga mzee mbele ya watu, na wala sisemi tuiache adabu hiyo. Lakini meza ya kuonja si baraza. Kwa hiyo iwe kimya kabisa tangu kijiko cha kwanza mpaka cha mwisho, hata kukunja uso kusiwepo. Kila mtu aandike peke yake. Asiyeandika apewe punje za mahindi, na nyuma ya kila kikombe kuwe na kopo lenye tundu: punje tatu kwa kikombe anachokipenda sana, moja kwa cha wastani, na kisichofaa asikipe kitu. Baada ya hapo makopo yamwagwe na kuhesabiwa mbele ya wote, na walio wadogo kwa umri waanze kueleza walichosikia. Mzee amalize.

Kama wataka kujua ulimi wako unaaminika kiasi gani, kuna jaribio la vikombe vitatu. Mwenzako atie kahawa moja katika vikombe viwili, na kahawa nyingine katika cha tatu, bila wewe kuona. Kazi yako ni kukitaja kikombe kilicho peke yake. Mtu anayebahatisha atapata mara moja katika kila tatu, kwa hiyo kupata mara moja si ushahidi. Kupata mara tatu mfululizo kwa bahati tu hutokea mara 1 katika 27. Ukifika hapo, waweza kusimama mkutanoni na kusema unachokijua. Na kama hukupata, jaribu tena juma lijalo. Watu wengi huona tofauti kubwa kati ya siku ya kwanza na ya nne.

NDOO TATU

Sasa tuje kwenye jaribio ambalo lafaa kufanywa na kila kikundi cha wakulima wakati wa mavuno. Chuma matunda ya miti ile ile siku ile ile, ugawe katika ndoo tatu, kilo 2 kila moja. Kilo 2 za matunda hutoa kama robo kilo ya kahawa safi. Ndoo ya kwanza iwe na matunda mekundu tu. Ndoo ya pili nusu iwe mekundu, nusu ya kijani. Ndoo ya tatu iwe na mekundu tu, lakini matunda hayo yatiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, yakae siku mbili kivulini kabla ya kumenywa.

Menya kwa mkono, acha punje zilale mpaka ule utelezi utoke na punje zikisuguliwa zikwaruze kama changarawe. Zioshe kwa maji safi, uzianike juu ya wavu ulioinuliwa, si chini. Zigeuze mara kwa mara, zifunike jua likiwa kali sana na mvua ikija. Zikiisha kukauka, kaanga na uonje kwa utaratibu tuliokwisha kuueleza. Nitaandika sasa mnachotazamiwa kukikuta, lakini atakayetayarisha vikombe asiwasomee wenzake maneno haya kabla ya kuonja.

Ndoo ya kwanza itakuwa safi, yenye uchachu wa tunda na utamu ukipoa. Ya pili itakuwa na ukakasi na harufu ya majani mabichi, na kikaangoni itakuwa imejaa punje za manjano. Ya tatu itanuka siki au pombe, na huenda ikafikia uvundo kama wa kitunguu kilichooza. Miti ni ile ile, udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Hakuna dalali aliyeigusa, wala meneja. Tofauti yote imetokana na mikono iliyochuma na siku mbili za kuchelewa.

Hata hivyo si kila kasoro ni ya mkulima, na kuonja kutakusaidia kujua mlango upi wa kubisha. Uvundo ukitokea katika kikombe kimoja kati ya vitano, mara nyingi ni punje zilizobaki katika mashine ya kumenya au katika pembe za tangi tangu jana, zikachanganyika na kahawa ya leo. Hapo mwulize meneja jinsi tangi linavyooshwa. Ladha ya udongo na ukungu hutoka kwenye kahawa iliyoanikwa chini, au iliyonyeshewa ikiwa karibu kukauka, au iliyotiwa ghalani kabla maji hayajashuka kufikia asilimia 10 hadi 12. Kasoro hii isichukuliwe kuwa ya ladha tu, kwa kuwa ukungu fulani hutia sumu katika kahawa. Harufu ya mafuta ya taa, moshi au dawa hutoka kwenye gunia au gari lililobeba vitu hivyo. Ladha ya kiazi kibichi, ambayo huwasumbua sana wenzetu wa Rwanda na Burundi, imehusishwa na mdudu antestia anayefyonza matunda mtini. Ukiisikia, rudi shambani ukatazame miti yako.

Pia usidanganywe na herufi. AA, AB na PB ni majina ya ukubwa na umbo la punje zilizopita au kuzuiwa na chekecheke. Punje kubwa huuzwa vizuri, ni kweli, lakini AA iliyovunda bado imevunda.

MABISHANO YA MBEGU

Kuna jambo moja ambalo wakulima hawachoki kulibishania. SL28 na SL34 zilichaguliwa na Scott Laboratories huko Kabete katika miaka ya 1930, na sifa ya kahawa ya Kenya ilijengwa kwa sehemu kubwa juu yake. Lakini chule buni na kutu ya majani huzipiga vibaya, na dawa ni ghali. Kwa ajili hiyo kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa Ruiru 11 mwaka 1985, na Batian mwaka 2010. Tangu Ruiru 11 itoke, wako wanaoapa kwamba ladha yake haifikii ile ya SL28, na wako wanaosema kwamba hayo ni maneno ya watu wanaopenda mambo ya zamani. Mtu anaweza kung'oa miti au kukataa kuipanda kwa sababu ya mabishano hayo, na hayo ni maamuzi ya miaka mingi na fedha nyingi.

Msibishane. Chukueni matunda mekundu ya SL28 na ya Ruiru 11 kutoka mashamba yaliyo karibu, yenye mwinuko na mbolea sawa, myamenye na kuyakausha pamoja kwa namna moja, kisha myaonje kwa jaribio la vikombe vitatu. Kwanza mtajua kama mnaweza kuzitofautisha. Kama mnaweza, hesabuni punje za mahindi mjue ipi inapendwa. Halafu mpige hesabu ya dawa mnayonyunyizia SL28 kwa mwaka, na kilo mnazopata kwa kila mti, kwa maana ladha ni sehemu moja tu ya hesabu hiyo. Inawezekana kwamba skimu iliyo juu mlimani itapata jibu moja, na iliyo chini jibu jingine.

Neno moja juu ya sampuli. Kahawa iliyokwisha kufika kiwandani ni mali ya wanachama wote, basi mtu asichote kwa siri hata kama nia yake ni njema. Iombeni kamati iwape ruhusa, na iwekwe sampuli ndogo ya kila juma la mavuno katika kopo kavu lenye mfuniko, kila kopo likiwa na tarehe, namba ya tangi, na habari za mvua ya juma hilo. Robo kilo yatosha. Iandikwe katika daftari la kiwanda kwamba imetolewa, na ni nani aliyeipokea.